"Nice": zamani tusi, leo sifa



Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa kule nyumbani, na huku watoto wanasoma kwa Kiingereza. Basi mzazi akiletewa daftari anaona haya, anasema, "Hiyo lugha si yangu." Mwezi huu tuangalie neno moja tu, "nice", linalosomwa "nais". Mtaona kwamba lugha hiyo haiko mbali na ninyi.

Chanzo chake ni Kilatini. "Ne" ni "si", na "scire" ni kujua. Pamoja vikazaa "nescius", yaani asiyejua. Kifaransa cha zamani kikalifupisha kuwa "nice", maana yake mjinga.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, aliiteka Uingereza. Wakubwa wa nchi wakawa wanaongea Kifaransa kwa miaka mingi, na maneno mengi yakahamia katika Kiingereza. Hata "nice" likaingia, karibu mwaka 1300, na bado lilikuwa tusi: mpumbavu.

Halafu maana ikaanza kutembea. Likawa la mtu mwenye kuchaguachagua, kisha la jambo linalotaka umakini. Kufika miaka ya 1700 likawa sifa: kizuri, cha kupendeza. Likazoeleka mno! Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, kijana mmoja anamtania msichana kwa kulitumia ovyo.

Tusishangae. Kwetu "kali" ni jua, pilipili na mbwa. Lakini vijana wakisema "wimbo mkali" si wanausifu?

Sasa wazazi, Kifaransa chenu ni msaada. Mtoto akileta neno jipya, mwulize: linafanana na lipi la Kifaransa? Lakini angalieni, maneno ya ukoo mmoja yanaweza kuachana. "Large" kwa Kifaransa ni pana, kwa Kiingereza ni kubwa. "Sensible" kwa Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa moyoni, kwa Kiingereza ni mwenye busara. Kwa hiyo mkishabahatisha, hakikisheni kwenye kamusi au kwa mwalimu.

Na mtoto asiyejua asichekwe, wala mzazi. Kutoka "scire" ileile lilitoka pia "science", yaani sayansi. Asiyejua na elimu ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni kale ka "ne" tu.