Pale Dawa Nyekundu Isipofika

Wagonjwa wengi wa saratani ya titi hawalijui jina doksorubisini, lakini dawa nyekundu wanaijua. Ni ile inayoonekana wazi ikishuka kwenye mpira wa dripu, inayopukutisha nywele na kuugeuza mkojo rangi kwa siku moja au mbili. Ina sifa nyingine ambayo mgonjwa haioni: ikimulikwa kwa mwanga maalumu chini ya hadubini, hung'aa yenyewe. Sisi wa maabara tunaweza kuifuata kwa macho na kujua imefika wapi.

Nikiiweka kwenye seli za saratani zilizotandaa juu ya sahani ya plastiki, zote hung'aa. Nikizichukua seli zilezile, nikaziacha zijikusanye ziwe kidonge chenye upana wa nusu milimita, kisha nikaweka dawa ileile kwa kipimo kilekile, mng'ao hubaki kwenye tabaka za nje. Saa kadhaa zikipita, katikati bado ni giza. Mwaka 1999 watafiti wa Amsterdam walichunguza vipande vya uvimbe wa titi vilivyotolewa kwa wagonjwa muda mfupi baada ya kupewa dawa hii, wakakuta hali hiyohiyo: dawa imejaa kwenye kingo za mafungu ya seli na kupungua kadiri unavyoingia ndani.

Shangazi yangu wa Tanga aliwahi kuniuliza kwa simu: "Mwanangu, dawa ilinimaliza nguvu mimi, mbona uvimbe haukwisha?" Sikuweza kumpa jibu la hakika, kwani uvimbe hukaidi dawa kwa njia nyingi. Lakini swali lake ndilo ninalolifanyia kazi kila siku hapa Utrecht, Uholanzi.

Kwa miongo mingi dawa za saratani zimejaribiwa kwanza kwenye seli zilizolala tabaka moja juu ya plastiki. Ni njia rahisi, ya haraka, na imetufundisha mengi. Tatizo ni kwamba mwilini hakuna seli inayoishi hivyo. Katika uvimbe, seli imezungukwa juu, chini na ubavuni na wenzake pamoja na nyuzi za protini. Oksijeni itokayo kwenye mshipa wa damu husafiri takriban maikrometa 100 hadi 200 tu kabla ya kuishia njiani. Zilizo karibu na mshipa hula na kugawanyika. Zilizo mbali hupunguza mwendo, nyingine hulala kabisa. Dawa nyingi za kemo huua seli inayogawanyika. Iliyolala hunusurika, kisha siku moja huamka.

Kidonge cha seli, ambacho wataalamu hukiita sferoidi, huigiza hali hiyo bila kulazimishwa. Kikishapita nusu milimita hivi, aghalabu seli za katikati hufa kwa kukosa hewa na chakula, zinazofuata huwa zimelala, na za nje ndizo zinazoendelea kuzaana. Kukitengeneza si kazi kubwa: unatumia sahani ambayo seli haziwezi kuishika, nazo zinashikana zenyewe.

Aliyenishawishi kwamba umbo si pambo tu ni Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Berkeley, Marekani. Mwaka 1992, yeye na wenzake, akiwemo Ole William Petersen wa Denmark, walionyesha kwamba seli za titi zenye afya na zenye saratani, ambazo juu ya plastiki ni vigumu kuzitofautisha, hujitambulisha mara moja zikipandwa ndani ya jeli ya protini. Zenye afya hujipanga duara na kuacha kukua, za saratani huvurugana na kuendelea. Mwaka 1997 kundi lake lilikwenda mbali zaidi: waliziba kwa kingamwili protini moja ambayo seli hutumia kushika mazingira yake, na seli za saratani zikarudi kujipanga kama zenye afya, ingawa jeni zao zilikuwa na kasoro zilezile. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Maana yake seli husikiliza mahali ilipo, na ukiitoa mahali pake ukaiuliza habari za dawa, itakujibu kama seli ya plastiki.

Hatua iliyofuata ilitokea hapahapa Utrecht. Mwaka 2009 Toshiro Sato na Hans Clevers wa Taasisi ya Hubrecht walichukua seli shina moja ya utumbo wa panya, wakaipanda ndani ya jeli, ikajenga utumbo mdogo wenye mashimo na kuta zake. Vitu hivi vinaitwa oganoidi, na leo vinaoteshwa pia kutokana na uvimbe wa binadamu. Jeli tunayotumia sana ni Matrigel, inayotokana na uvimbe wa panya. Tabia yake ni kama ute wa yai: ikiwa baridi hutiririka, ikipata joto la mwili huganda. Kwa hiyo ninaiweka juu ya barafu, ncha za pipeti nimezipoza mapema, na nikishadondosha matone ninaigeuza sahani kichwa chini ili seli zisizame hadi kwenye plastiki kabla jeli haijashika.

Je, kinachotokea kwenye tone hutokea kwa mgonjwa? Mwaka 2018 watafiti wa London walichapisha matokeo ya oganoidi za wagonjwa waliokuwa na saratani ya utumbo na ya umio au tumbo iliyokwisha kusambaa. Dawa iliposhindwa kwenye oganoidi, ilishindwa pia kwa mgonjwa, bila ubaguzi. Ilipofaulu, mgonjwa alipata nafuu katika asilimia 88 ya visa. Waliolinganishwa walikuwa wachache, na oganoidi haina mishipa ya damu wala seli za kinga, labda uziongeze wewe mwenyewe. Hata hivyo, kumwepusha mtu na miezi ya kutapishwa na dawa isiyomfaa si jambo dogo.

Linalonikera ni uvimbe wa nani unaooteshwa. Saratani ya umio inayoua watu kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, huanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani. Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, imeripoti wagonjwa wake walio chini ya miaka 30. Katika nchi nyingi za Magharibi, inayoongoza sasa ni aina nyingine, ya seli za tezi karibu na tumbo. Dawa iliyochujwa kwa uvimbe wa huko haijaulizwa swali la Bomet.

Kipande cha kuanzia kuotesha uvimbe wa kwetu kipo tayari, kwani daktari hukata milimita chache ili kuthibitisha ugonjwa. Kinachohitajika ni kipande cha pili, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na akubali mwenyewe, kisha kifike maabara siku hiyohiyo kikiwa baridi, mahali penye umeme usiokatika, naitrojeni ya kuhifadhia, na mtu aliyefundishwa kukipanda. Mafunzo hayo yanawezekana, na mimi niko tayari kuyatoa.