Diski Iliyosimbwa Ifunguke na Kwingine

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kompyuta mpakato zenye taarifa za wananchi hazikosekani njiani kati ya Mji wa Serikali Mtumba, halmashauri na vyuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde zisipotee wala kuangukia mikononi mwa asiyehusika. Ndiyo maana ofisi husimba diski nzima, kwa BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux. Hapo mwizi amedhibitiwa, lakini suala la taarifa kupotea bado halijajibiwa, kwa sababu kompyuta ikifa, diski italazimika kusomwa kwenye mashine nyingine, pengine yenye mfumo mwingine.

Ukichomeka diski ya BitLocker kwenye Mac, utaambiwa haisomeki, na kando yake kuna kitufe cha kuiandaa upya. Mwenye pupa akikifuata, anaelekea kuifuta. Linux ina nafuu: programu ya cryptsetup, tangu toleo la 2.3 la mwaka 2020, huitambua diski hiyo na kuomba nywila au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Kwa diski ya ndani, mara nyingi tarakimu hizo ndizo njia pekee, maana ufunguo wa kila siku hutunzwa na chipu iliyobaki kwenye kompyuta iliyokufa. Kwa diski ya nje inayotumiwa na watu wa mifumo mbalimbali, VeraCrypt inafaa zaidi, kwani ina matoleo ya Windows, Mac na Linux.

Wapo watakaosema kwamba kama Linux inaifungua, basi ulinzi wenyewe ni dhaifu. Sivyo. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alishasema mfumo mzuri hubaki salama hata adui akijua kila kitu isipokuwa ufunguo, na kanuni ya usimbaji ya AES inayotumiwa leo imechapishwa wazi tangu 2001. Wengine watahofia kuziandika tarakimu 48. Hofu hiyo ina msingi endapo karatasi itawekwa kwenye begi la kompyuta. Ikifungwa kwenye bahasha ndani ya sefu ya ofisi, mwizi wa kompyuta haipati. Kwa hiyo afisa TEHAMA asiridhike kuona BitLocker imewashwa. Achukue bahasha hiyo, aifungue diski kwenye kompyuta nyingine, na kwingineko abaki na nakala rudufu, kwa kuwa diski iliyoharibika haiokolewi na ufunguo wowote.