Kufundisha Tanzia ya Kinjeketile katika Shule za Mrima

Neno tanzia lina maana mbili katika Kiswahili cha leo, na mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Bagamoyo huijua ile ya kwanza muda mrefu kabla ya kukutana na ya pili. Ya kwanza ni taarifa ya kifo, ile inayosomwa redioni au kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ikitaja jina la marehemu, jamaa waliofiwa na saa ya mazishi. Ya pili ni istilahi ya fasihi, nayo ni tamthiliya ambayo mhusika wake mkuu, mtu wa kuheshimika na aghalabu mwenye nia njema, huangamia kwa sababu ambazo sehemu yake imo ndani ya uamuzi wake mwenyewe. Taarifa ya kifo huwaambia watu nani amefariki ili wajue waende wapi, ilhali tamthiliya ya tanzia huwakalisha watazamaji pamoja na mtu ambaye tayari wanajua atakufa, wakaifuata njia yake hatua kwa hatua huku wakitamani ageuke. Mwalimu anayeanza somo kwa kuziweka maana hizi mbili ubavu kwa ubavu huwa ameshafundisha jambo kubwa, kwa kuwa mwanafunzi aliyewahi kukaa matangani anafahamu kwamba msiba huzungumzwa, huulizwa na hutafutiwa maana, na kwamba kuutaja tu hakutoshi.

Tanzia iliyo karibu zaidi na darasa la Kiswahili la Tanzania ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mwandishi mzaliwa wa pwani ya kusini, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na mwandishi mwenyewe mwaka uliofuata. Ilitoka katika kipindi ambacho tanzia za nje zilikuwa zikiingia katika Kiswahili kwa wingi: Julius Nyerere alikwisha kutoa tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Kaizari mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na Samuel Mushi alikuwa ametafsiri Makbeth mwaka 1968. Hata hivyo tamthiliya ya Hussein haikuhitaji kuvuka bahari, kwa sababu kisa chake kilitokea ukingoni mwa mto Rufiji, na waliokisimulia walikuwa bado hai wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakikusanya kumbukumbu za Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1960.

Inasikitisha kwamba kazi yenye uzito huo mara nyingi humfikia mwanafunzi ikiwa imekatwakatwa. Mtindo wa uhakiki uliozoeleka shuleni huigawa kila kazi katika fani na maudhui, kisha maudhui yakagawanywa katika dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, na madesa, yaani karatasi za muhtasari zinazopitishwa kutoka kidato hadi kidato, humpa mwanafunzi orodha hiyo ikiwa tayari imejazwa. Vipengele vyenyewe havina ubaya, kwani vinasaidia kupanga mawazo. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaweza kuandika kuwa dhamira mojawapo ya Kinjeketile ni umoja, akapata alama zake, na asijue kamwe kwamba tamthiliya hiyo inauliza swali la kutisha kuhusu umoja huohuo: je, watu wakiunganishwa na jambo ambalo si kweli, aliyewaunganisha awaambie ukweli au anyamaze?

Ili kulifikia swali hilo, darasa linahitaji istilahi chache tu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema kuwa tanzia huamsha huruma na hofu, na kwamba mtazamaji hutoka akiwa ametakaswa na hisia hizo. Anguko la shujaa alilihusisha na jambo aliloliita hamatia, neno ambalo katika Kigiriki lilitumika pia kwa mrushaji wa mshale au mkuki aliyekosa shabaha. Vitabu vingi hulieleza kama kasoro ya tabia, na walimu hulifundisha hivyo, lakini picha ya mshale uliokwenda kando ni bora zaidi, maana inamwonyesha mtu aliyelenga vizuri, mwenye mkono imara na nia safi, ambaye hata hivyo hakupiga alipokusudia. Aliongeza istilahi mbili nyingine, mgeuko, yaani pale mambo yanapogeuka kinyume cha matarajio, na utambuzi, yaani pale shujaa anapouona ukweli ambao hapo awali ulikuwa umefichika kwake.

Wanafunzi wa pwani hawana haja ya kuyaona mambo haya kuwa ya Wagiriki peke yao. Kisa cha Fumo Liyongo, kinachosimuliwa katika upwa wote wa Waswahili, kina kila kiungo cha tanzia: shujaa asiyeingiwa na silaha, siri ya kwamba sindano ya shaba kitovuni ndiyo pekee itakayomuua, mwana anayetumwa na maadui kumuuliza baba yake, na baba ambaye anahisi ubaya katika swali hilo na bado analijibu. Darasa likijadili kwa nini Liyongo alimjibu mwanawe, hamatia itaeleweka bila kukariri tafsiri yake.

Kinjeketile naye analenga vizuri. Watu wa Rufiji na Umatumbi wanalimishwa pamba kwa nguvu, njaa imeingia majumbani mpaka mazungumzo ya wanawake yamekuwa ya kutafuta chakula, na wanaume wa makabila mbalimbali wanatiliana shaka kiasi kwamba hawawezi kupanga lolote pamoja. Katika hali hiyo mtu mmoja anakokotwa na nguvu isiyoonekana, anazama mtoni, na anapoibuka siku ya pili anakuja na maji ya kuwakinga watu na risasi, pamoja na wito wa kuungana. Wito unafaulu kupita kiasi. Wapiganaji wanayaamini maji kuliko maandalizi, wanachoka na subira anayowaomba, na vita vinaanza kabla ya wakati alioutaka. Hapa ndipo mgeuko ulipo, na mwalimu anafaa kutulia hapa kwa kipindi kizima: jambo lililozaliwa na mtu limekuwa kubwa kuliko yeye, na hana tena uwezo wa kulirudisha.

Utambuzi wake una undani ambao darasa la Bagamoyo linaweza kuufikia kuliko darasa lolote la bara. Katika maneno aliyoyatoa akiwa amepandwa na pepo, Kinjeketile aliahidi kwamba watu wakishawafukuza Wajerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili yake inaporejea, kauli hiyo inamtesa, kwa kuwa anaona kwamba amewaahidi watu kutoka mikononi mwa bwana mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Seyyid Said, sultani aliyetawala kutoka Unguja, alifariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita hivyo. Lakini katika mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, ambako pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa walishuka pwani kuvushwa kwenda Unguja, jina hilo si jina la kitabuni. Mwanafunzi anayepita kila siku kando ya majengo ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo anaweza kuulizwa ni nani aliyafaidi, ni nani aliyapita akiwa na mzigo kichwani, na kwa hiyo ahadi ile ilikuwa na maana gani kwa mkulima wa Rufiji. Kutoka hapo atauelewa woga wa Kinjeketile kwa namna ambayo madesa hayawezi kumpa.

Mji huohuo una somo jingine karibu na maji. Mwaka 1888, miaka 17 kabla ya Majimaji, watu wa Mrima, yaani upwa wa bara unaokabili Unguja, waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyojitwalia bandari zao. Abushiri bin Salim aliongoza mapigano ya Pangani na Bagamoyo mpaka akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata. Hemed bin Abdallah al-Buhriy aliviweka vita hivyo katika utenzi, na ufukweni Bagamoyo upo mnara wa kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani. Darasa likisimama penye mnara huo kabla ya kuisoma sehemu ya mwisho ya Kinjeketile, ambamo shujaa anasubiri kunyongwa, halitahitaji kuelezwa kitanzi ni nini.

Ni muhimu pia mwanafunzi atenganishe historia na tamthiliya, na Hussein mwenyewe aliliweka wazi jambo hilo katika utangulizi wake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa historia, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya pamba ya kwanza kung'olewa katika milima ya Umatumbi, na kabla ya shambulio kubwa la boma la Mahenge la tarehe 30 ya mwezi huo. Hakuushuhudia ushinde wala njaa iliyofuata, ambayo kwa jumla ya vita vyote iliua watu wanaokisiwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Mhusika wa Hussein, kinyume chake, anaachwa hai mpaka baada ya kushindwa. Mwandishi alimhitaji hai kwa sababu bila ya hapo utambuzi haukamiliki: lazima shujaa azione maiti za walioyaamini maji yake, kisha ndipo aulizwe kama bado anasimama na neno lake. Tofauti hiyo moja, ikichambuliwa vizuri, inamfundisha mwanafunzi kazi ya msanii kuliko kurasa kumi za maelezo kuhusu muundo.

Tamthiliya huandikwa ili isimamishwe jukwaani, na Bagamoyo haina udhuru katika jambo hili. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981 na sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha lake la kila mwaka lilianza 1982, na vijana wa mji huo wamekua wakisikia ngoma zikijaribiwa alasiri. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi onyesho zima, lakini kinatosha kurasa tatu zilizosomwa kwa sauti, kila mwanafunzi akiwa na nafasi yake, maelekezo ya jukwaani yakifuatwa, na ukimya ukiachwa pale mwandishi alipouweka. Maleba, yaani mavazi ya waigizaji, yanaweza kuwa khanga na shuka za nyumbani.

Tukio la kupandwa ndilo linalowapa walimu wasiwasi, na wasiwasi huo ni wa haki. Katika Mrima ngoma za pepo zinafahamika, wapo wazazi wasiotaka watoto wao waige jambo kama hilo, na wapo wanafunzi watakaocheka kwa sababu ya woga. Njia iliyo nyoofu ni kuutenga mwili na maneno: mwanafunzi mmoja asome yale Kinjeketile anayoyasema, wengine wapige makofi au ngoma kwa mwendo unaopanda, na asiwepo wa kuanguka wala kutetemeka. Mwalimu anaweza kuongeza kwamba Wazaramo, majirani wa Bagamoyo upande wa kusini, walikuwa wakipeleka maombi ya mvua kwa Kolelo katika milima ya Uluguru, ili darasa lione kuwa maji ya Ngarambe yalitoka katika imani zilizokuwa na heshima na utaratibu, zenye kuombewa mazao na uzima kabla hazijaombewa ushindi. Kicheko kikipungua, huruma ambayo Aristotle aliitaja itapata nafasi.

Yote haya ni maandalizi ya sehemu ya mwisho. Kinjeketile na Kitunda, jemadari wake, wako kifungoni. Wajerumani wanamtaka Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda, aliyewaona vijana wake wakianguka, anaona kwamba akitamka hivyo watu watanusurika. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akilikana neno lake, mshindi atalichukua kanusho hilo na kuwaambia watoto wa kesho kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Anajua kuwa maji hayakuzuia risasi. Anachokataa ni kuuacha ukweli huo uwe silaha ya adui. Hapa darasa lisipewe jibu. Liwekwe makundi mawili, moja likisimama na Kitunda na jingine na Kinjeketile, na baada ya robo saa makundi yabadilishane, kwa sababu mwanafunzi aliyewahi kuzitetea pande zote mbili kwa dhati ndiye aliyeonja tanzia. Walimu wengine huharakisha kumtangaza Kinjeketile kuwa shujaa wa uhuru, na kweli ni shujaa. Lakini Kitunda anahesabu maiti, na darasa lisilomsikia Kitunda limesoma nusu ya kitabu.

Walimu wanaotunga mitihani ya ndani katika shule za Bagamoyo, Saadani na Pangani wanaombwa kujaribu, japo kwa muhula mmoja, swali ambalo jibu lake halimo katika madesa: kama Kinjeketile angekubali kusema kwamba maji yalikuwa uongo, nani angepona, na nini kingekufa? Mwanafunzi apewe ukurasa mzima wa kulijibu, na asahihishwe kwa namna anavyoitetea hoja yake kutoka ndani ya tamthiliya.