Mtoto akisema anataka kuendesha treni

Watoto wa Manyoni na Itigi, mkoani Singida, wanakua wakisikia honi ya treni usiku. Si ajabu mmoja wao akamwambia mama yake: "Nikiwa mkubwa nitaendesha ile." Wazazi wengi hucheka, au hujibu kwamba kazi hiyo ni ya wenye ndugu serikalini. Jibu hilo humvunja mtoto moyo bure.

Kazi ipo. Reli ya Kati, iliyojengwa enzi za Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, bado inapita Manyoni na Itigi. Treni za umeme za reli ya kisasa zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024, na kipande cha Makutupora hadi Tabora kinapita katika mkoa huu huu. Treni zote hizo zinahitaji madereva.

Kiti cha pili

Hakuna anayetoka darasani na kukabidhiwa treni. Enzi za injini za mvuke, kijana alianza kwa kusafisha injini, akapanda kuwa mchochea moto, na baada ya miaka ndipo akashika usukani. Moshi umeondoka, uanagenzi umebaki. Mwanafunzi husoma injini, breki, ishara na kanuni, kisha hukaa kiti cha dereva msaidizi, pembeni ya mtu mzima wa kazi. Katika reli nyingi duniani, kila ishara ikionekana mmoja huitaja kwa sauti na mwenzake huirudia, ili jicho la mmoja likikosea la pili lisahihishe.

Msaidizi hujifunza pia njia yenyewe. Kati ya Kintinku na Manyoni, eneo la Saranda, reli hupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kupanda kunataka nguvu, kushuka kunataka breki. Treni ya mizigo haisimami kama bodaboda. Dereva lazima ajue pa kuanza kupunguza mwendo kabla hajauona mteremko, na ajue kwamba reli iliyolowa mvua huteleza.

Watanzania wanajua gharama ya breki. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 200 walifariki. Ndiyo maana mafunzo haya hayana njia ya mkato.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, asimamie hesabu, fizikia na Kiingereza tangu mapema. Pili, ampime mtoto macho, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, kabla familia haijaweka akiba ya ada. Asiyetofautisha nyekundu na kijani atakwama, hata awe na akili namna gani.

Tatu, binti asiambiwe kazi hii ni ya wanaume. Nchini Kenya, Concilia Owire ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kuendesha Madaraka Express, iliyozinduliwa mwaka 2017.

Nne, ajihadhari na madalali. Tabora kuna chuo cha reli. Chuo kingine chochote kikitajwa, ulizia usajili wake NACTVET. Ajira za mashirika ya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, wala haziuzwi. Anayedai "ya chai" ili amwingize kijana relini anauza hewa.

Mwisho, mtoto aambiwe ukweli wa maisha hayo: kulala mbali na nyumbani, kuamka saa tisa usiku, kutogusa pombe kabla ya zamu.

Akiendelea kusema anataka, mpeleke stesheni akaone treni ikiingia na aulize maswali yake. Stesheni, si kuchezea kwenye reli.