Kwenda Bujumbura Kutafuta Kifaransa

Mabamba ni kata ya mpakani, Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma. Mtu akivuka kizuizi kuelekea Gisuru, upande wa Burundi, anarudisha saa yake nyuma kwa saa moja, maana wenzetu wanafuata majira ya Afrika ya Kati. Magari yanahamia mkono wa kulia wa barabara. Fomu za ofisini nazo zinageuka kuwa za Kifaransa. Mengine yote yanabaki vilevile: vilima, migomba, baiskeli zilizopakiwa hadi hazionekani magurudumu, na akina mama wanaouza maharage huku wakipunguziana bei kwa lugha ambayo Muha na Mrundi wote wanaielewa.

Kwa kijana aliyesoma Kifaransa sekondari, mpaka huo una maana yake. Alipochagua tahasusi ya KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, huenda alidhani lugha hiyo ni ya Paris, mji wa kwenye picha za vitabu. Kumbe nchi inayokitumia Kifaransa bungeni, chuo kikuu na magazetini inaanzia hapo ng'ambo. Ndiyo maana anayetaka kukisoma kwa kina, awe mwalimu, mkalimani au mwongoza watalii mtarajiwa, huanza kuitazama Bujumbura. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina kituo chake cha kufundishia lugha, CELAB, na mjini humohumo kuna Institut français. Kutoka Mabamba unapita Ruyigi, unafika Gitega, kisha unasafiri kilomita kama 100 zaidi hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Safari nzima ni ya barabara, bila ndege wala viza ya Ulaya.

Hamu ya safari huanza mapema. Wiki kadhaa kabla ya kuondoka, mwanafunzi anajizoeza mbele ya kioo namna ya kujitambulisha, anahesabu pesa kwa Kifaransa, anawasumbua wadogo zake kwa «bonjour» asubuhi na jioni. Waha ni watu wa salamu ndefu, za kuinama na kupiga makofi, za kuulizia nyumba nzima hadi mifugo. Salamu ya Kifaransa inakwisha kabla hujainua mikono. Kijana aliyelelewa Kibondo au Kasulu anaiona kavu, na anajiuliza atawezaje kumwendea mwalimu mzee kwa neno moja tu kisha anyamaze bila kuonekana hana adabu.

Sababu za kukitaka Kifaransa si za ndoto tupu. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilianzishwa mwaka 1994, ikakaa Arusha hadi ilipofunga kazi mwaka 2015, na miaka yote hiyo ilifanya shughuli zake kwa Kiingereza na Kifaransa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha pia, ina Kifaransa miongoni mwa lugha zake. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wakaamua kwamba Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Mtu wa Kigoma amezungukwa na soko la Kifaransa, nchi kavu na ng'ambo ya ziwa.

Tena lugha hiyo iliwahi kutawala hapahapa. Majeshi ya Kibelgiji yaliwaondoa Wajerumani mwaka 1916, na Kigoma ikabaki mikononi mwa Wabelgiji hadi walipowakabidhi Waingereza mwaka 1921. Mazungumzo ya wakubwa huko Ulaya yangekwenda njia nyingine, watoto wa Kibondo wangekuwa wanakariri vitenzi vya Kifaransa tangu darasa la kwanza, na makala hii isingekuwa na habari ya kueleza.

Hofu ya kwanza ni ya makaratasi. Anayeomba pasipoti ya Tanzania anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Tangu mwaka 2018 pasipoti ni ya kielektroniki na ada yake ni shilingi 150,000. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ni kazi ya foleni na uvumilivu. Kwa mtoto wa mpakani kuna la ziada. Wakazi wa Kigoma wamelalamika kwa miaka mingi, na malalamiko hayo yamefika hadi bungeni, kwamba wao huhojiwa uraia kuliko Watanzania wengine, kwa sababu ya lafudhi, majina na ndugu walioolewa ng'ambo. Serikali nayo ina hoja yake: mpaka ni mrefu, na watu wake wamechanganyika. Lakini kijana anayetaka kwenda kusoma tu anajikuta akitafuta cheti cha babu aliyezaliwa kabla vyeti havijafika kijijini. Akifanikiwa kuthibitisha kwamba yeye si Mrundi, anafunga begi kwenda Burundi, ambako kila atakayemsikia akizungumza atamdhania Mrundi.

Kuna kadi ya njano pia. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo anayekumbuka jioni ya kuamkia safari amechelewa. Afadhali habari nyingine ni nzuri: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua chanjo hiyo kuwa ya maisha yote.

Hofu ya wazazi ni ya aina nyingine, na si ya kuchekwa. Mabamba imewaona watu wakiingia kutoka upande huo wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Walikuja mwaka 1972, wakaja tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwaka 1993, na mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipowania muhula wa tatu, Mabamba ilikuwa miongoni mwa milango waliyoingilia. Kambi ya Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya Kibondo mwaka huohuo, huku Nyarugusu ya Kasulu ikijaa. Mama aliyewagawia uji watu waliokimbia atasikiaje binti yake anaposema anakwenda huko kwa hiari, tena kwa ajili ya lugha? Bujumbura ya leo haipo katika hali ya 2015. Hata hivyo, kumbukumbu ya mzazi haifuati taarifa ya habari, na mwanafunzi mwenye busara humpa mama yake namba ya simu ya mwenyeji wake badala ya kubishana naye kuhusu siasa.

Fedha nazo zinasumbua. Faranga ya Burundi ina bei ya benki na bei ya mtaani, na kwa miaka ya karibuni bei hizo mbili zimeachana sana. Mafuta ya magari yamekuwa adimu, foleni za vituoni zimekuwa jambo la kawaida, na nauli hupanda bila kupiga hodi. Mgeni asiyejua hayo hupanga bajeti ya mwezi ikaisha kwa wiki mbili. Atayasahau kwa muda gari litakapofika Bugarama na kuanza kuteremka mlima kuelekea Bujumbura, atakapowaona waendesha baiskeli wenye shehena za ndizi wakiruka kona kwa kasi, na wenzao wanaopanda wakiwa wameshikilia mikia ya malori ili wavutwe. Wengi huiona picha hiyo mara ya kwanza na kuacha kuzungumza.

Sasa tuje kwenye hofu inayozungumzwa kuliko zote, ile ya kutoeleweka. Mwanafunzi anajiona amesimama dukani, maneno yamemkauka, muuzaji anamkodolea macho. Kwa mtoto wa Mabamba hofu hiyo haina msingi. Wataalamu wa lugha za Kibantu huviweka Kiha na Kirundi katika kundi moja, pamoja na Kinyarwanda, Kihangaza na Kishubi. Muha akisema analotaka, Mrundi anampatia. Na akiona haya kuzungumza Kiha mjini, Kiswahili kipo: Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zama za wakoloni, na sokoni Bujumbura Kiswahili ni lugha ya biashara kila siku. Hata samaki ni yuleyule. Mukeke anayesifiwa Bujumbura ndiye mgebuka wa Kigoma.

Jambo la kuogopwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba ataeleweka mno. Atanunua mkate kwa Kirundi, atapanda basi kwa Kiswahili, atacheka na majirani kwa Kiha, na Kifaransa atakiacha darasani saa anayofunga daftari. Burundi ina Kifaransa rasmi, na kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi ndicho lugha ya kufundishia, lakini Warundi karibu wote wana lugha mama moja. Hawana haja ya Kifaransa wanapopiga soga. Mwanafunzi anaweza kukaa Bujumbura miezi mitatu, akarudi na rafiki wengi, faranga chache zilizobaki mfukoni, na Kifaransa kilekile alichoondoka nacho Kibondo.

Linganisha na waliotangulia kwenda mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilifungua uhusiano na Ujerumani Mashariki, na vijana wakapelekwa huko masomoni. Mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida alianzia Herder-Institut mjini Leipzig, ajifunze Kijerumani kwanza ndipo aruhusiwe kugusa uhandisi au udaktari. Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa mwaka 1960, kiliwapitisha wageni katika mwaka wa maandalizi wa Kirusi. Huko hakukuwa na Buyenzi ya kukimbilia. Baridi, chakula na upweke viliwatesa, lakini mwenye njaa alijifunza jina la mkate siku hiyohiyo.

Wageni wanaokuja kwetu wanakijua kilio cha Bujumbura. Kwa miongo kadhaa Wazungu, Wajapani na Wakorea wamekuwa wakienda TAKILUKI, Zanzibar, taasisi ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ili wasome Kiswahili. Wakitoka darasani kwenda Forodhani wanajibiwa kwa Kiingereza. Muuzaji wa urojo anadhani anamsaidia mgeni, kumbe anamnyima somo alilolilipia nauli.

Watafiti wameligusa jambo hili. Mmarekani Barbara Freed alihariri mwaka 1995 kitabu cha tafiti juu ya wanafunzi wanaokwenda kusomea lugha ugenini, na baadaye yeye na wenzake wakatengeneza dodoso la kupima mwanafunzi ametumia saa ngapi kwa siku kuzungumza, kusikiliza, kusoma na kuandika lugha husika nje ya darasa. Kuhesabu saa kulionekana ni lazima kwa sababu kufika nchini peke yake hakukuwa kipimo. Kabla yao, mwaka 1986, Elaine Horwitz na wenzake walikuwa wameandaa maswali 33 ya kupima woga wa mwanafunzi katika darasa la lugha ya kigeni. Anayetetemeka akiitwa kusimama na kusema si mjinga wala mvivu, na tatizo lake lina jina kitaalamu.

Chuo cha Middlebury, jimbo la Vermont nchini Marekani, kina dawa kali. Shule zake za lugha za kiangazi zilianza mwaka 1915, na wanaojiunga hutia sahihi ahadi ya kutumia lugha wanayosoma tu, mezani, bwenini na uwanjani, mpaka kozi iishe. Hakuna anayewazuia wanafunzi wa Kitanzania walioko Bujumbura kuwekeana ahadi kama hiyo chumbani, pamoja na faini ya soda kwa atakayeteleza. Mwenye bahati anaweza kupanga kwa familia ya mwalimu au mtumishi wa ofisi ambayo watoto wake wanahimizwa kusema Kifaransa nyumbani. Asiye nayo ana gazeti la Iwacu, linalochapishwa kwa Kifaransa, ana taarifa za habari za redioni, ana ibada za Kifaransa katika makanisa ya mjini. Anazo pia ofisi za serikali, ambako fomu haitamhurumia na karani wake aghalabu atafurahi kumrekebisha.

Kuna aibu ndogo katika kufanya hivyo. Mtu anayekuelewa vizuri kwa Kirundi ukimlazimisha akusikilize ukigugumia Kifaransa, anaweza kukuona unaringa. Hilo linahitaji kuelezwa mapema na kwa heshima: kwamba umekuja kujifunza, na unamwomba akuvumilie. Warundi wengi wamepitia adha hiyohiyo shuleni, wakikaripiwa kwa kusema Kirundi darasani, na hawatashangaa.

Mwisho wa kozi wengi hulenga mtihani wa DELF, ambao cheti chake hakiishi muda na hutambuliwa popote Kifaransa kinapotumika. Una sehemu nne, kila moja alama 25, na anayepata chini ya 5 katika sehemu yoyote ameanguka hata kama jumla yake imevuka 50. Katika ngazi ya B2 mtahiniwa huchota mada mbili, huchagua moja, hupewa dakika 30 za kujiandaa, kisha huingia kwa watahini na kutetea hoja yake kwa takriban dakika 20. Hata kama watahini ni Warundi, na huenda bibi zao walizaliwa Gisuru, hawaruhusiwi kusikia neno la Kirundi.