Mazoezi hupunguza maumivu ya hedhi
Wasichana wengi wanapopatwa na maumivu ya hedhi hujilaza kutwa, na wengine hukosa shule. Maumivu hayo husababishwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, ambazo huifanya misuli ya mfuko wa uzazi ijikaze.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalionesha kuwa mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, huweza kuyapunguza. Si lazima kukimbia; hata kunyoosha viungo ndani ya nyumba husaidia.

Mama, usimwambie binti yako avumilie tu. Hedhi humzuia kuswali na kufunga, haimzuii kufanya mazoezi. Lakini maumivu yakizidi mwezi hadi mwezi, au damu ikitoka nyingi kupita kawaida, mpeleke hospitali.