Kikantoni: Lugha ambamo kununua na kuuza hutenganishwa na toni

MGENI anayeingia katika duka la jumla mjini Guangzhou, kusini mwa Uchina, akitaka kumweleza mwenye duka kwamba amekuja kununua bidhaa, anaweza kujikuta ametangaza kwamba amekuja kuuza. Kosa lenyewe si la msamiati wala la sarufi. Kununua ni "maai" na kuuza ni "maai" vilevile. Neno la kwanza hutamkwa kwa sauti inayoanzia chini na kupanda, ilhali la pili hutamkwa kwa sauti ya chini iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka.

Huo ndio mlango wa kwanza wa Kikantoni, na wanafunzi wengi hujaribu kuukwepa na kupitia dirishani. Hukariri maneno kutoka kwenye vijitabu vya wasafiri bila kujali toni zake, wakitumaini kwamba sikio la msikilizaji litasamehe na kwamba toni zitakuja zenyewe baadaye. Haziji. Miezi kadhaa ikishapita, wao hulazimika kujifunza upya maneno yaleyale, safari hii wakiwa na mzigo wa ziada wa kusahau matamshi mabovu ambayo ulimi umekwisha kuyazoea.

Kikantoni ndicho lahaja mashuhuri zaidi ya kundi la Yue, ambalo lina wasemaji takriban milioni 80. Huzungumzwa katika mkoa wa Guangdong, sehemu za Guangxi, Hong Kong na Macau, na pia miongoni mwa Wachina waliohamia ng'ambo katika miji kama Kuala Lumpur, Vancouver na San Francisco. Wenyewe hukiita "Gwong dung waa", yaani maneno ya Guangdong. Kukiita lahaja ni desturi tu. Mtu wa Beijing asiyewahi kukisikia hakielewi, kama vile Mswahili wa Lamu asivyoelewa Kikikuyu ingawa lugha zote mbili ni za Kibantu.

Kwa Wakenya, swali la kwanza ni iwapo kuna haja ya kujifunza lugha hii badala ya Kimandarini. Wafanyabiashara wa Nyamakima, Kamukunji na kwingineko wamekuwa wakifunga safari za Guangzhou kwa miaka mingi, na maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo, yaliyoanzishwa mwaka 1957, hufanyika mara mbili kila mwaka. Lugha wanayoweza kufunzwa hapa nyumbani, hata hivyo, ni Kimandarini. Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005 na kuwa ya kwanza barani Afrika, hufunza hicho.

Jibu la haki ni kwamba anayetaka lugha ya risiti na mikataba pekee aanze na Kimandarini. Ndiyo lugha rasmi ya Uchina, ndiyo ya shuleni, na wauzaji wengi wa Guangzhou ni watu waliotoka mikoa mingine wasiojua Kikantoni vizuri. Lakini wenyeji wa mji huo huiacha lugha rasmi mezani pa biashara na kurejelea yao wanapogeukiana. Mnamo Julai 2010 mamia ya wakazi walijitokeza barabarani kulipinga pendekezo la kuongeza vipindi vya Kimandarini katika runinga ya mji wao. Nako Hong Kong, sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa takriban asilimia 88 ya wakazi wenye umri wa miaka mitano na zaidi hutumia Kikantoni kama lugha yao ya kawaida. Anayekwenda kuishi huko, au anayetaka kusikia yanayosemwa baada ya bei kutajwa, ana sababu ya kutosha ya kukisaka.

Turudi kwenye toni. Kimandarini kina nne. Kikantoni kina sita. Katika mfumo wa kuandika kwa herufi za Kirumi uitwao Jyutping, uliobuniwa na Chama cha Isimu cha Hong Kong mwaka 1993, toni huonyeshwa kwa tarakimu mwishoni mwa silabi. Ya 1 ni ya juu iliyonyooka. Ya 2 hupanda hadi juu. Ya 3 ni ya katikati. Ya 4 hushuka hadi chini kabisa. Ya 5 huanzia chini na kupanda kidogo, na ya 6 ni ya chini iliyonyooka. Mfano unaopendwa na walimu ni silabi "si". Kwa toni ya 1 ni shairi, ya 2 historia, ya 3 kujaribu, ya 4 wakati, ya 5 soko na ya 6 jambo. Kwa mfumo huo, kununua ni "maai5" na kuuza ni "maai6".

Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia haya hushika kichwa, kwa kuwa Kiswahili hakina toni za kubadilisha maana za maneno. Hata hivyo, Wakenya wengi hawana Kiswahili pekee. Kikikuyu, Kikamba, Dholuo, Kimaasai na lugha za Wakalenjin zote zina toni, na aliyelelewa katika mojawapo ya lugha hizo amekuwa akizitofautisha tangu utotoni bila kujua kwamba anafanya kazi ya kitaalamu. Kinachomponza ni kwamba anapofungua kitabu cha lugha ya kigeni huweka sikio lake la nyumbani kando na kutumia lile la shuleni, la Kiingereza. Afanye kinyume.

Njia ya mazoezi ni ya kuchosha kidogo lakini inafaa. Kwa wiki mbili au tatu za mwanzo mwanafunzi asihangaike na sentensi ndefu. Achukue maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa toni tu, ayasikilize, ayarudie kwa sauti, ajirekodi kwa simu na kujilinganisha na mwenyeji. "Tong1" ni supu na "tong4" ni sukari. "Sei3" ni nne na "sei2" ni kufa, ndiyo sababu majumba mengi ya Hong Kong hayana ghorofa ya nne. "Gwai3" ni ghali, neno ambalo mnunuzi atalihitaji kila siku, na "gwai2" ni pepo au zimwi.

Neno hilo la mwisho linastahili kujulikana kwa sababu nyingine. Wenyeji huwaita Wazungu "gwai lou", neno ambalo siku hizi wengi hulichukulia kama utani. "Hak gwai", yaani zimwi jeusi, si utani. Ni tusi kwa mtu mweusi. Neno la kawaida lisilo na dharau ni "hak jan", mtu mweusi. Mwafrika anayejua tofauti hii anajua ameketi na nani.

Toni hizi zina athari nyingine ambayo vitabu vingi huichelewesha hadi kurasa za mwisho. Katika Kiswahili, sentensi "Amekula" hugeuka kuwa swali kwa kupandisha sauti tu, na mshangao au shaka huonyeshwa vivyo hivyo. Msemaji wa Kikantoni hana uhuru huo mkubwa, kwani kupanda na kushuka kwa sauti tayari kumetumika kujenga maneno yenyewe. Hisia zake basi huzibeba kwa vijineno vifupi vinavyowekwa mwishoni mwa sentensi. "Lei4" ni njoo, amri kavu. "Lei4 laa1" ni njoo basi. "Keoi5 lei4" ni anakuja, "keoi5 lei4 gwaa3" ni nadhani anakuja, "keoi5 m4 lei4 me1?" ni kwani haji? Anayeviacha vijineno hivi huonekana mkali hata anapokusudia upole. Swali lililomalizikia kwa "aa3" hulainika. Bila hiyo husikika kama la askari anayedai kitambulisho.

Kuhusu matamshi ya herufi, Mkenya ana bahati ambayo Mwingereza hana. Neno la mimi ni "ngo5", na "ng" yake ndiyo ile ya ng'ombe. Kikanushi "m4" ni silabi kamili isiyo na irabu, kama "m" ya mtu. Mtu wa Mombasa amepata zaidi, kwa kuwa lahaja yake hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama, au kaa la moto na kaa wa baharini, kwa pumzi inayoandamana na konsonanti. Tofauti ya aina hiyo ndiyo inayotenganisha "b" na "p", au "g" na "k", katika Jyutping. Tahadhari moja: "j" katika mfumo huo husomwa kama "y" ya Kiswahili, kwa hivyo "jat1", moja, ni "yat".

Mtego uko mwishoni mwa silabi. Kiswahili hupenda kumalizia kwa irabu, na ulimi wetu huiongeza hata pasipohitajika. Kumi ni "sap6", wala si "sapu". Midomo hufungwa kana kwamba "p" inakuja, kisha pumzi hukatwa papo hapo. Ni vivyo hivyo kwa "cat1", saba, na "luk6", sita. Mwanafunzi asishtuke pia akisikia vijana wa Hong Kong wakisema "lei" badala ya "nei", wewe, au wakiidondosha "ng" ya mwanzo. Walimu wao huiita mazoea hayo sauti za uvivu, lakini yameenea mno kiasi kwamba kuyakataa ni kujinyima kuelewa.

Sarufi yenyewe ni nafuu. Vitenzi havinyambuliwi wala havibebi viambishi vya nafsi. Badala ya "-me-" huwekwa "zo2" baada ya kitenzi, na badala ya "-na-" ya jambo linaloendelea huwekwa "gan2". Swali huundwa kwa kurudia kitenzi na kukikanusha, "sik6 m4 sik6 aa3?", sawa na Mswahili asemapo "unakula hukuli?"

Panapohitaji subira ni kwenye vipimo vya nomino. Haiwezekani kusema tu vitabu viwili au samaki wawili. Kati ya idadi na nomino lazima liwepo neno linaloonyesha aina ya kitu. Vitabu huhesabiwa kwa "bun2", magari kwa "gaa3", nguo za juu kwa "gin6", wanyama wengi kwa "zek3". Vitu virefu, wakiwemo samaki, barabara na suruali, huchukua "tiu4", na vitu bapa kama karatasi, meza na kitanda huchukua "zoeng1". Mtu aliyekulia katika ngeli za Kiswahili haoni ajabu kwamba nomino zina makundi na kwamba makundi hayo hayafuati mantiki kila mara. Akikwama atumie "go3", ambalo hueleweka karibu popote ingawa litamtambulisha kuwa mgeni.

Kushukuru nako kuna mgawanyo wake. Aliyepewa zawadi husema "do1 ze6". Aliyefunguliwa mlango, kuletewa chai au kurudishiwa chenji husema "m4 goi1", na neno hilohilo hutumika kuomba njia au kumwita mhudumu wa hoteli. Asubuhi watu husalimiana "zou2 san4". Baadaye utaulizwa "sik6 zo2 faan6 mei6 aa3?", yaani umekula wali au bado? "Mei6" hiyo ndiyo "bado" yetu, na anayeuliza hakusudii kukupakulia.

Vipi kuhusu maandishi? Anayetaka mazungumzo na ayaache kwa mwaka wa kwanza. Hati za Kichina ni maelfu, na kuna kikwazo kingine kisichotajwa mara nyingi: magazeti na vitabu vya Hong Kong huandikwa kwa Kichina sanifu ambacho msingi wake ni Kimandarini. Yeye, katika mazungumzo, ni "keoi5", lakini gazetini huandikwa neno jingine kabisa. "Ni" ya mazungumzo ni "hai6". Ya gazetini ni "si6". Aliyejifunza kwa kusoma gazeti kwa sauti atazungumza lugha ambayo hakuna anayeizungumza.

Bora afungulie masikio redio na tamthilia za Hong Kong, au nyimbo za huko, ambazo watunzi wake hulazimika kuchagua maneno ambayo toni zake zinaafikiana na mahadhi. Filamu za mapigano zilizojaza kumbi zetu za video hazikusaidia sana, kwani nyingi zilifika hapa sauti za waigizaji zikiwa zimefutwa na kuwekwa Kiingereza.

Sentensi mbili za kuanzia zinatosha kumfikisha sokoni. Ya kwanza ni "dim2 gong2 aa3?", husemwaje? Akiitamka huku akinyooshea kidole kitu chochote, kila muuzaji hugeuka mwalimu wake. Ya pili ni zoezi la ulimi linalofaa kurudiwa mara hamsini kabla ya kulala: "Ngo5 lei4 maai5 je5, m4 hai6 lei4 maai6 je5." Nimekuja kununua vitu, sikuja kuuza.